Herufi saba na shilingi kumi

 

Barua ya juma hili imetoka bara. Ameiandika mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ndoa ilimpeleka Nairobi, na sasa anakaa Kawangware, pale panapoitwa 46 kwa nambari ya matatu zinazofikia hapo. Ameniomba nisimtaje jina, nami nimemkubalia. Shida yake nimeona inafaa kusomwa katika kila nyumba yenye watoto wa skuli, ya bara na ya pwani.

Watoto wake wawili, kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 11, hucheza mchezo wa herufi kila usiku baada ya Ishaa. Wamejikatia vipande vya katoni, wakaandika juu yake herufi za Kiingereza, wakavitia katika mfuko wa kitambaa. Kila mmoja huchomoa vipande saba bila ya kuangalia, kisha hutafuta ni maneno gani ya Kiingereza yanayoweza kuundwa kwa herufi alizopata. Herufi adimu ina pointi nyingi, ya kawaida ina pointi moja. Mama alifurahi mwanzoni, kwani mwalimu wa Kiingereza alimsifu binti kwamba msamiati wake umepanuka. Baadaye mambo yakageuka. Binti akawa hashindi hata mara moja. Usiku mmoja akaziacha herufi mkekani, akamwambia mamake: “Mama, mimi kichwa changu kizito. Kaka anayaona maneno papo kwa papo, mimi siyaoni.”

Siku chache baadaye, mama akaona mwenyewe. Kijana alikuwa na simu chini ya paja. Anaziandika zile herufi saba katika programu, na simu inamtolea orodha nzima ya maneno, marefu kwa mafupi. Na lililomuumiza mama zaidi ni kwamba walikuwa wamewekeana shilingi kumi kwa kila mchezo. Binti alikuwa akilipa kwa pesa zake za chakula cha mchana. Alipohesabiana nao, zilikuwa zimefika shilingi 270.

Nyanya yao, anayekaa nao, akatoa hukumu papo hapo: mchezo ni haramu, mfuko utiwe jikoni uchomwe. Mama akauficha juu ya kabati na kuniandikia mimi. Ananiuliza kama mchezo wenyewe ni haramu, na kama kutumia simu ni ghushi. Kisha chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo kama mtu anayeona haya, ameongeza: “Sheikh, mimi Kiingereza sikijui. Skuli niliacha mapema, nilichohitimu ni madrasa. Nitawasimamia vipi watoto katika jambo nisilolijua?”

Dada yangu, swali hilo la mwisho ndilo nililolifikiria zaidi, nami nitalirudia. Kwanza nimalize la pesa, maana halina mjadala. Mali inayochukuliwa na mshindi kutoka kwa mshindwa ni kamari, na kamari imeharamishwa kwa nassi katika Surat al-Maida, aya ya 90. Haijalishi kwamba ni shilingi kumi wala kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kijana hazimiliki pesa hizo, na angeshinda kwa haki pia asingezimiliki. Basi azirudishe zote 270, mkononi mwa nduguye, si kwa kupitia kwako. Kama amekwisha kuzitumia, afanye kazi ya nyumbani umlipe, azirudishe kidogo kidogo. Wala usimfedheheshe mbele ya wageni. Kijana wa miaka 15 akivunjiwa heshima hadharani huufanya ukaidi kuwa ndiyo heshima yake mpya.

Ama mchezo wenyewe, nyanya ana haki ya kuogopa. Sisi Mashafi tunasoma katika vitabu vyetu vya fiqhi kwamba nardi, mchezo wa kete, ni haramu, na sababu wanayoitaja ulamaa ni kuwa egemeo lake ni kubahatisha. Nyanya ameuona mkono ukiingia mfukoni bila ya kujua utatoka na nini, akaona huko ndiko kubahatisha. Lakini ulamaa hao hao wametenga mchezo ambao egemeo lake ni hesabu na fikra, kama sataranji. Huo, ukisalimika na kamari, na matusi, na kuipitisha Sala, wengi katika madhehebu yetu wameufanya makuruhu, si haramu. Madhehebu mengine yamekaza zaidi, na anayejizuia kwa uchamungu hatumlaumu. Sasa tuutazame mchezo wa herufi. Bahati imo katika kuchomoa, hilo kweli. Lakini watu wawili wakipewa herufi zile zile saba, mmoja ataona neno la herufi sita na mwingine ataona la mbili tu. Kinachowatenga ni elimu. Kwa hiyo mimi ninauona uko karibu zaidi na sataranji kuliko nardi, na kwa mtoto anayejifunza lugha ya mtihani wake, una manufaa ambayo sataranji haina.

Na mwambie nyanya, kwa adabu, kwamba mimi ninakumbuka kinyume. Wasichana wa pwani wa rika lake walikuwa mabingwa wa kusema kinyume, silabi ya mwisho ikaruka mbele, maji yakawa jima, kesho ikawa shoke, sukari ikawa risuka, na watu wazima waliokaa barazani wasiambulie kitu. Kupindua herufi si jambo lililokuja na Waingereza.

Mchezo wa watoto wako una asili yake, na yafaa uijue ili usikutishe. Mmarekani mmoja, Alfred Butts, mchora ramani za majengo, alikosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Akaketi kubuni mchezo. Alichukua kurasa za magazeti akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi, na kwa hesabu hiyo akapanga vipande 100: E ikapata vipande 12, A na I tisa tisa, Q na Z kimoja kimoja, na vipande viwili vikaachwa bila ya maandishi. Herufi inayotokea mara nyingi ikapewa pointi moja, Q na Z zikapewa kumi. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948, mtu mwingine, James Brunot, alipouchukua na kuutia sokoni. Hivi leo unachezwa duniani kote. Mwaka 2015 bingwa wa dunia katika mashindano yaliyofanyika Perth, Australia, alikuwa Mnigeria, Wellington Jighere, na mwaka 2017 mashindano hayo yalifanyika Nairobi, mji huo huo unaokaa wewe.

Kuhesabu herufi, hata hivyo, si kwa Butts kulikoanzia. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu aliyeishi Iraq katika karne ya 9, aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, na njia aliyoieleza ni kuhesabu ni herufi zipi hutokea zaidi katika lugha. Na ama kutafuta maneno yote yanayoweza kutoka katika fungu la herufi, hilo lilifanywa mapema zaidi na mtu ambaye sisi wa pwani tunapaswa kumjua kuliko tunavyomjua, kwa kuwa alizaliwa Oman, nchi ambayo majahazi yake yamefika bandari zetu kwa karne nyingi. Naye ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwalimu wa Sibawayhi, aliyeishi Basra katika karne ya 2 ya Hijra.

Al-Khalil alitaka kuandika kamusi isiyoacha neno la Kiarabu nje. Lakini utajuaje kwamba hukuacha, ilhali hujui ulichokisahau? Akaona njia moja tu. Achukue herufi, azipindue kwa kila namna zinavyoweza kupinduliwa, kisha aulize kwa kila namna: je, Waarabu wanalisema hili? Herufi mbili hupinduka mara mbili, tatu mara sita, nne mara 24, tano mara 120. Neno linalosemwa akaliita la kutumika, lisilosemwa akaliita lililoachwa. Na maneno yote yenye herufi zile zile, hata yakipishana vipi kwa mpangilio, akayaweka mahali pamoja. Kitabu chake kinaitwa Kitab al-Ayn, kwa kuwa alizipanga herufi kwa mahali zinapotoka, akaanzia kooni, kwenye ayn.

Mfano unaofahamika ni wa kaf, lam na mim. Ukizipindua mara sita utapata mzizi wa kalima, yaani neno. Mzizi wa kamili. Mzizi wa kumiliki. Mzizi wa kupiga ngumi. Na mzizi wa kisima kilichopungua maji. Wa sita, lam ikitangulia, kisha mim, kisha kaf, umehesabiwa katika walioachwa. Ibn Jinni, aliyekuja miaka mia mbili baadaye, aliyatazama matano hayo akasema yote yamebeba maana ya nguvu na ukali. Wako waliomkubali na wako waliosema amejikalifisha. Mimi nikiwa mwanafunzi nilimkubali. Siku hizi ninasitasita.

Nimeyaleta haya, dada yangu, kwa sababu simu ya mwanao haifanyi jambo jingine. Nilimwomba kijana mmoja fundi wa kompyuta anieleze siri yake. Akaniambia kwamba programu haipindui herufi saba kwa namna zake zote 5,040, ingawa ingeweza. Inachofanya ni kuchukua kila neno la kamusi mapema na kuzipanga herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. Neno la Kiingereza LISTEN, yaani sikiliza, huwa EILNST. Neno SILENT, kimya, nalo huwa EILNST. Na ENLIST, na TINSEL, na INLETS, yote huangukia hapo hapo. Kwa hiyo programu ina droo moja iliyoandikwa EILNST nje, na ndani yake maneno matano yamelala. Ukiipa herufi, inazipanga na kufungua droo, kisha inatoa herufi moja moja na kufungua droo ndogo zaidi. Nilipomsikia nilicheka. Huo ni mlango wa al-Khalil, ila umetiwa umeme.

Je, ni ghushi? Inategemea inafunguliwa wakati gani. Mchezo ukiwa unaendelea, na mwenzako anadhani unatumia kichwa chako, hiyo ni ghushi isiyo na shaka, na Mtume (S.A.W.) alimkana mwenye kughushi asiwe katika sisi. Tena usiione ndogo kwa kuwa ni mchezo. Pesa zitarudishwa zote. Ila binti aliaminishwa kwamba kichwa chake kizito, na imani hiyo hairudishwi kama noti. Kijana amwombe radhi kwa jambo hilo kwa jina lake, mbali na pesa, amwambie wazi: sikuyaona maneno mimi, iliyaona simu. Mtoto wa miaka 11 akiyasikia hayo kwa kaka yake, yatafanya kazi kuliko waadhi wangu wote.

Lakini mchezo ukisha, pointi zimehesabiwa na hakuna kinachogombewa, simu ni kamusi kama kamusi nyingine. Hapo waandike zile herufi saba pamoja, watazame ni maneno gani yaliwakimbia wote wawili. Na wawe na daftari lao, si kubwa, la kurasa 96 linatosha, wayaweke maneno kwa droo kama nilivyoeleza: juu herufi zilizopangwa kwa alfabeti, chini yake maneno yanayotoka humo. AEST: SEAT, EAST, EATS, TEAS. OPST: STOP, SPOT, POST, POTS, TOPS. Baada ya miezi michache binti atakuwa na Kitab al-Ayn yake mwenyewe, na hiyo haihitaji bando.

Amfundishe pia namna ya kutazama bila ya simu. Kiingereza hakina mizizi ya herufi tatu kama Kiarabu, basi ufunguo wake ni mwingine. Wanaojua mchezo huu kwanza hutenga irabu upande mmoja na konsonanti upande wa pili, wakaona kipi kimezidi. Kisha hutazama mikia: zikiwapo I, N na G huziweka kando pamoja, maana vitenzi vingi vya Kiingereza huishia hivyo, vilevile E na R, au E na D. Hutazama vichwa pia, kama RE na UN. Kilichobaki katikati huwa ni herufi tatu au nne tu, na kuzipindua hizo si kazi ngumu. Wala wasizitumie S ovyo, kwa kuwa humo mna nne tu, na S moja huligeuza neno la mwenzako kuwa wingi ukachukua pointi zake na zako.

Sasa nirudi kwenye swali lako la mwisho, la kusimamia usichokijua.

Yuko mtu wa New Zealand, Nigel Richards, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 alikwenda akashinda pia ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakisemi. Alihifadhi maneno ya kamusi, yalivyoandikwa, bila ya kuhitaji kujua yanamaanisha nini. Na sheria za mashindano zinaruhusu; hakuna anayeulizwa maana, neno likiwa limo katika kamusi linahesabiwa. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilistaajabu, kisha nikaona haya kidogo, kwani nimefundisha madrasa kwa miaka mingi na ninawajua watoto wetu wanaohifadhi juzuu kwa juzuu bila ya kufahamu. Lakini kisomo cha Qur'ani kina thawabu kwa kila herufi, ajuaye na asiyejua, ingawa ajuaye amemzidi. Maneno ya Kiingereza hayana ahadi hiyo. Neno la Kiingereza bila ya maana yake ni kipande cha katoni.

Kwa hiyo nakushauri utie sheria moja katika mchezo wa nyumba yako, ambayo Perth na Nairobi hawakuwa nayo: atakayeweka neno ataje maana yake kwa Kiswahili, na alitungie sentensi. Asiyeweza, neno limeanguka na pointi zake. Na hakimu ni wewe. Hapa ndipo hukihitaji Kiingereza, dada yangu. Utahitaji Kiswahili, na barua yako imenionyesha unacho. Ukae na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mapajani, ufuate alfabeti, umwambie kijana: neno hili halimaanishi ulivyosema, limeanguka. Simu chini ya paja haitamfaa kitu, maana itampa orodha tu. Utaona pia kwamba wewe mwenyewe unajifunza, kwani kila usiku unaleta maneno kumi au ishirini na tafsiri zake.

Na liko jambo jingine ambalo nina hakika hawakukwambia. Herufi inayowatesa wachezaji wa Kiingereza ni Q. Ina pointi kumi, lakini katika Kiingereza hufuatana na U karibu daima, na asiyekuwa na U hukaa nayo mkononi hadi mwisho. Basi kamusi ya mashindano ina maneno kadhaa yenye Q isiyo na U baada yake, na mengi ya hayo ni ya kwetu. QADI ni kadhi. FAQIR ni fakiri. TALAQ ni talaka. SUQ ni soko. NIQAB, na BURQA pia, ambayo ina U lakini kabla ya Q. NIQAB peke yake ni pointi 16, FAQIR ni 17. Binti akichomoa Q bila ya U, amtazame nyanya yake. Nyanya anajua qaf inakotoka kuliko mwalimu yeyote wa Kiingereza. Na yamo ya Kiswahili kitupu: SAFARI, UHURU, UGALI, MZEE, MATATU.

Mkitaka kumshirikisha nyanya kabisa, siku nyingine chezeni kwa Kiswahili. Chukueni A, I, L na M. Kiingereza kitawapa MAIL na pengine kisiwape jingine la maana. Kiswahili kitawapa mali, mila, lima, lami na imla, na yote ni maneno ya kila siku. Ukizitazama herufi hizo kwa jicho la madrasa utaona ilm imo humo ndani pia, inangoja.

Mchezo uanze baada ya Ishaa na nyuradi zake, na usipite saa nne za usiku, ili Alfajiri isije ikawa ndiyo inayolipa. Mfuko uutoe juu ya kabati. Kabla hujautoa, hakikisha shilingi 270 zimo mkononi mwa binti. Na kijana akikuuliza kama anaweza kucheza na wenzake wa mtaani kwa dau la soda, mwambie sheikh amesema soda nayo ni mali.

Nyanya mpe salamu zangu, mwambie shoke nitamtafuta kwa simu.

Wallahu aalam.